Viola Spolin na Michezo Iliyowafungua Watu Vinywa

Utungaji wa papo kwa papo si dhana ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Malenga wawili wanaojibizana, manju anayelitia wimboni jina la mgeni aliyeingia hivi punde, mtambaji anayeikata ngano yake nusu kwa kuwa hadhira imeanza kusinzia: wote hawa hutunga huku wakitenda, na wote hutazamwa kama watu waliojaliwa kipawa ambacho wengine hawana. Mtazamo huu una ukweli ndani yake, lakini unaliacha kando kundi kubwa la watu. Je, yule ambaye akisimamishwa mbele ya wenzake koo humkauka na ulimi ukamganda, ana nafasi gani katika sanaa hii? Viola Spolin, mwalimu wa sanaa za maonyesho kutoka Chicago nchini Marekani, alilishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka hamsini. Jibu lake lilianzia kwenye michezo ya watoto. Nadharia ilifuata baadaye.

Spolin alizaliwa Chicago tarehe 7 Novemba 1906, akaitwa Viola Mills. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi waliotoka Urusi, na nyumbani kwao kuigiza, kuimba na kuchezacheza jioni lilikuwa jambo la kawaida. Chicago ya miaka hiyo ilikuwa jiji la viwanda na machinjio, lililopokea wahamiaji mwaka baada ya mwaka. Katika mitaa ya upande wa magharibi waliishi Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi na Wapolandi, na baadaye Wameksiko, kila kundi na lugha yake. Watoto wao walilelewa kati ya lugha mbili, ya nyumbani na ya shuleni, na aliyekisema Kiingereza kwa lafudhi ya kwao alijua kwamba huenda akachekwa. Msomaji wa Kenya, ambako kuna vizazi vya wanafunzi waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, hahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi mtoto anavyojifunza kunyamaza.

Ndani ya mitaa hiyo kulikuwa na Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyoanzishwa mwaka wa 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr. Wahamiaji walifika hapo kusoma, kufanya kazi za mikono, kucheza na kukutana na majirani ambao pengine wasingewasalimu barabarani. Ni katika mazingira hayo ambapo Neva Boyd aliendesha chuo cha kuwafunza viongozi wa michezo na shughuli za vikundi. Spolin alikuwa mwanafunzi wake kuanzia mwaka wa 1924 hadi 1927, na ni vigumu kuuelewa mchango wake bila kumweleza kwanza mwalimu huyu.

Boyd alikusanya michezo ya jadi, ngoma, nyimbo na hadithi za mataifa mbalimbali, akavitumia kama nyenzo za malezi. Kwake mchezo ulikuwa kazi yenye uzito. Mtoto anayecheza hutii kanuni bila kusukumwa, kwa sababu bila kanuni mchezo wenyewe haupo. Huamua haraka, humtazama mwenzake kwa makini, hushindwa kisha akarudia, na katika yote hayo hapati nafasi ya kujiuliza anaonekanaje. Boyd aliliona hilo kwa watoto. Spolin ndiye aliyeuliza baadaye iwapo jambo lilo hilo lingeweza kutokea kwa mtu mzima aliye jukwaani.

Nafasi ya kujaribu ilitokana na shida. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 uliwaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi, na mwaka wa 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la Works Progress Administration ili kuwapa watu ajira za umma. Shirika hilo lilijenga barabara na shule, lakini vilevile liliwaajiri wasanii na walimu wa burudani. Kuanzia mwaka wa 1939 hadi 1941, Spolin alikuwa msimamizi wa drama katika mradi wake wa burudani mjini Chicago. Wanafunzi wake walikuwa watoto na watu wazima wa mitaani, wengi wao wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Hawakuwa na mafunzo ya uigizaji, hawakuwa na lugha moja, na baadhi yao hawakuwa na mazoea ya kusoma maandishi, sembuse kukariri tamthilia.

Hapo ndipo njia za kawaida za kufundisha uigizaji zilipogonga mwamba. Mwalimu akimwambia mhamiaji aliyetoka kazini asimame vizuri, apaze sauti, asiipe hadhira mgongo na aonyeshe huzuni, atakachopata ni mtu aliyekakamaa akijaribu kukumbuka maagizo manne kwa mpigo. Spolin alitambua kwamba kadiri alivyoeleza ndivyo wanafunzi wake walivyozidi kuogopa kukosea. Akaacha kueleza. Badala yake alilichukua kila tatizo la jukwaani, liwe ni la sauti, la mahali au la uhusiano kati ya wahusika, akalibunia mchezo ambao haungeweza kuchezwa bila tatizo hilo kutatuliwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha akili ya mbinu hii, nao ndio anaoanzia wanafunzi wapya. Kundi hugawanywa mara mbili. Nusu moja husimama mbele, nusu nyingine huketi na kuitazama. Hakuna kingine kinachofanyika: hawa wanatazama, wale wanatazamwa. Baada ya muda mfupi waliosimama huanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine, mikono hukosa pa kuwekwa, wengine hucheka bila sababu, wengine hupigwa na bumbuazi. Mwalimu huwaacha hadi kila mmoja aonekane kataabika. Kisha huwapa kazi ndogo mno, mathalani kuhesabu viti au mbao za sakafu, na huwahimiza waendelee kuhesabu hadi miili yao ilegee. Mabega hushuka, pumzi hurejea, nyuso hukunjuka. Hadhira ni ile ile na macho ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sasa wana la kufanya. Zamu hubadilishwa, waliokuwa watazamaji nao wakaonja, na hatimaye wote huulizwa walihisi nini tumboni, shingoni na mikononi.

Mtu anaweza kulibeza zoezi hilo kwa kuwa ni rahisi kupita kiasi. Hata hivyo, ndani yake mna dai zito kuhusu woga. Mafunzo mengi ya kuzungumza hadharani humwambia mwoga ajiamini, yaani ajishughulishe zaidi na nafsi yake, ilhali nafsi hiyo ndiyo inayomsumbua. Spolin alikwenda kinyume. Alimwondolea mwanafunzi jukumu la kujifikiria na kumpa kitu cha nje cha kukishika kwa makini. Kitu hicho kikawa mhimili wa mfumo wake wote. Kila mchezo una kitovu kimoja cha umakini, na mchezaji hatakiwi kukiacha hata anaposikia kicheko cha watazamaji. Woga huwa haufukuzwi. Hukosa mahali pa kukaa.

Mchezo wa kioo unafuata mantiki hiyo hiyo. Wawili hukabiliana, mmoja akawa mtu na wa pili taswira yake kiooni, akifuata kila anachofanya mwenziwe. Baadaye hubadilishana nafasi, na mwishowe mwalimu huwaambia wafuatane wote wawili bila kiongozi. Hapo hakuna anayeanzisha wala anayeiga, na anayejaribu kuonyesha ustadi wake huharibu mchezo mara moja, kwa kuwa mwenzake hushindwa kumfuata. Mazungumzo mema yana sura kama hiyo. Tatizo la wengi ni kwamba mwenzao anapozungumza wao huwa wanatayarisha jibu, na wanayoyasikia ni yao wenyewe.

Kwa wanafunzi wa lugha, mchezo unaovutia zaidi ni ule wa kusema kwa maneno yasiyo na maana. Mchezaji hukatazwa kutumia lugha yoyote iliyopo. Hubuni sauti zake, na kwa sauti hizo huuza bidhaa, hufundisha jambo fulani, au husimulia mkasa ulioisha. Katika namna moja ya mchezo huu huwapo mkalimani anayewatafsiria watu wawili wasioelewana, ingawa naye hajui neno hata moja. Kwa kuwa maneno hayamsaidii, msemaji hulazimika kutumia uso, mikono, kiimbo na, zaidi ya yote, kumwangalia msikilizaji ili ajue kama ujumbe umefika. Tafakari faida yake katika darasa lenye Mmeksiko, Mgiriki na Mwitaliano. Kwa dakika chache hakuna aliye na lafudhi mbaya. Aliyezaliwa Chicago na aliyeshuka melini jana wako sawa, na huenda huyu wa pili akamshinda wa kwanza, maana amezoea kujieleza bila maneno.

Zipo pia michezo ya vitu visivyoonekana. Wachezaji huvutana kwa kamba isiyokuwapo au hurushiana mpira wa hewa, na kanuni ni kwamba kamba hiyo iwe kati yao na si vichwani mwao. Mmoja akivuta bila mwenzake kuvutwa, hadhira nzima huona kwamba kamba imekatika.

Spolin hakuamini kuwa woga ni maumbile. Aliuona kuwa matokeo ya malezi yanayomfanya mtu aishi akisubiri kusifiwa au kukemewa: na mzazi, na mwalimu, na mwajiri, na hatimaye na hadhira. Anayeishi hivyo hupoteza macho yake mwenyewe akabaki kutazama kwa macho ya wengine. Ni muhimu kutambua kwamba aliilaumu sifa kwa kiasi kile kile alichoilaumu karipio. Mwanafunzi aliyepigiwa makofi leo kesho hurudi na kituko kile kile ili apigiwe tena, na hapo ubunifu wake umekwisha. Kwa sababu hiyo alibadilisha hata namna ya kutathmini. Baada ya mchezo watazamaji hawakuulizwa nani alifanya vizuri. Waliulizwa kama tatizo limetatuliwa, kama waliiona kamba, kama mpira ulikuwa na uzito. Mwalimu naye hakukaa mbele na daftari la alama. Alitembea kando ya wachezaji akitupa maelekezo mafupi ya kuwarejesha kwenye kitovu cha umakini, na wao waliyapokea bila kusimamisha mchezo. Mwalimu aliyezoea kuheshimiwa kwa kuogopwa angeona ugumu kuifuata njia hii, na pengine ndiyo sababu mbinu hii husifiwa katika vyuo vya ualimu kuliko inavyotumika madarasani.

Jambo jingine analohusishwa nalo kutoka miaka hiyo ya Chicago ni kuwaomba watazamaji wapendekeze mahali au hali, kisha waigizaji wakaijenga papo hapo. Leo desturi hiyo imeenea katika kumbi za vichekesho hivi kwamba wachache hukumbuka ina mwenyewe.

Mwaka wa 1946, akiwa ameshaolewa na Ed Spolin ambaye jina lake ndilo analojulikana nalo, alianzisha kundi la Young Actors Company mjini Hollywood, likiwachukua watoto kuanzia umri wa miaka sita. Ajabu ya jambo hili haifichiki. Katika mji ambao watoto walifunzwa kutabasamu mbele ya kamera, yeye aliwafunza kuacha kujali nani anawatazama. Kundi hilo liliendelea hadi mwaka wa 1955, na michezo mingi iliyomo katika vitabu vyake ilinolewa hapo, ikipimwa kwa watoto ambao hawakosi kuonyesha wanapochoshwa.

Umaarufu ulimjia kupitia kwa mwanawe. Paul Sills, aliyezaliwa mwaka wa 1927 katika ndoa yake ya kwanza, alikua akiicheza michezo ya mamake, akaipeleka Chuo Kikuu cha Chicago alikokuwa mwanafunzi. Mwaka wa 1955 yeye na David Shepherd walianzisha kundi la Compass katika baa moja karibu na chuo hicho. Waigizaji hawakuwa na matini kamili. Walikuwa na mwongozo wa matukio tu, na mazungumzo waliyabuni jukwaani. Spolin alirudi Chicago mwaka huo na kuwaongoza katika warsha. Miongoni mwa waliopitia kundi hilo ni Mike Nichols na Elaine May, waliokuja kuwa watu mashuhuri katika ucheshi na filamu. Tarehe 16 Desemba 1959 Sills, Bernie Sahlins na Howard Alk walifungua Second City, jumba lililozaa kizazi baada ya kizazi cha wachekeshaji wa Marekani. Hapo pia Spolin aliwafunza waigizaji wapya kuanzia mwaka wa 1960.

Mafanikio haya yalikuja na mgogoro ambao wasifu mwingi huupitia juu juu. Hadhira ya Second City ililipa kiingilio ili icheke. Mwigizaji aliyetaka kubaki na kazi yake alijua kwamba kicheko ndiyo sifa, na kwamba usiku usio na kicheko ni usiku wa kukemewa. Yaani, ule mnyororo ambao Spolin aliubunia michezo ili kuukata ulirudi ukiwa umevaa mavazi ya burudani. Maandishi yake yanapinga waziwazi tabia ya kutafuta mzaha, kwa hoja kwamba anayeng'ang'ania mzaha amemwacha mwenzake pweke jukwaani. Mwaka wa 1965 yeye na Sills walishiriki kuanzisha Game Theater, ambako watazamaji wenyewe walipanda jukwaani kucheza. Jaribio hilo lilidumu miezi michache tu, wakati Second City liliendelea kustawi. Ni vigumu kutolisoma tukio hili kama hukumu ya soko juu ya wazo zuri, ingawa soko halikuwa na neno la mwisho.

Neno hilo lilikwisha kuandikwa. Kitabu chake cha Improvisation for the Theater kilichapishwa mwaka wa 1963 na Northwestern University Press, matbaa ya chuo kikuu kile kile ambacho Neva Boyd alifundisha baada ya Hull House. Kina mazoezi zaidi ya mia mbili, kila moja likiwa na kanuni zake, kitovu chake cha umakini na mambo ya kutathmini. Si kitabu chepesi. Sura zake za nadharia zinamtaka msomaji asimame mara kwa mara, na anayekisoma akiwa ameketi atakosa nusu ya maana, kwa kuwa kiliandikwa ili kitendwe. Hata hivyo, kilivuka mipaka ya ukumbi wa maonyesho, kikatumiwa na walimu wa shule, viongozi wa vijana, na wahudumu wa watu wenye matatizo ya akili. Mwaka wa 1975 Spolin alitoa kadi za michezo kwa ajili ya walimu, na mwaka wa 1986 kikatoka Theater Games for the Classroom, kilichowalenga watoto moja kwa moja.

Uzee haukumtuliza sana. Mwaka wa 1970 alionekana katika filamu ya Alex in Wonderland, akiigiza kama mama ya mhusika mkuu. Mwaka wa 1976 alianzisha kituo chake cha michezo mjini Hollywood, na mwaka wa 1979 Chuo Kikuu cha Eastern Michigan kilimtunukia shahada ya heshima. Aliaga dunia mjini Los Angeles tarehe 22 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 88.

Mmoja wa waigizaji waliojifunza michezo hii kwa Paul Sills mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Alan Alda. Alipokuja kuongoza kipindi cha televisheni kuhusu sayansi, aligundua kwamba wanasayansi waliozungumza naye kwa uchangamfu walibadilika mara tu walipoikumbuka kamera, wakaanza kuhutubu kana kwamba wako mhadharani. Mwaka wa 2009 alishiriki kuanzisha kituo cha mawasiliano ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimboni New York. Huko, kabla ya kufunzwa namna ya kuueleza utafiti wao, wanafizikia, madaktari na wahandisi huagizwa waache karatasi zao mezani, wasimame wawili wawili, na kila mmoja awe kioo cha mwenzake.